Charles Hallé: Tamasha 30, faida peni 30

Msimu wa kwanza ulipofungwa mwaka 1858, Charles Hallé alikabidhiwa faida yake yote: sarafu kumi mpya za peni tatu tatu. Alikuwa ameandaa matamasha 30 ya okestra mjini Manchester, Uingereza. Hesabu yake ni nyepesi: peni moja kwa kila tamasha.

Hakuwa mwenyeji. Alizaliwa Hagen, Ujerumani, mwaka 1819 kwa jina la Karl Halle, na alipohamia Paris akalibadili ili Wafaransa walitamke vizuri. Alipata wanafunzi wa piano na marafiki, Chopin na Berlioz wakiwamo. Mapinduzi ya 1848 yakamkatia riziki. Alivuka hadi London, akakuta mji umejaa wapiga piano waliokimbia kama yeye. Aliyemwita Manchester alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, Hermann Leo.

Mji huo uliishi kwa pamba. Okestra ilikuwapo, lakini ilikuwa ya chama cha mabwana. Asiye mwanachama hakuingia. Mwaka 1857, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya sanaa, Hallé alikusanya wapigaji wapatao 50, wengine kutoka nchi za ng'ambo. Maonyesho yalipokwisha Oktoba, kila mmoja alikuwa arudi kwao. Hallé hakukubali. Aliwaajiri kwa gharama yake, na tarehe 30 Januari 1858 akafungua msimu katika Free Trade Hall, ukumbi uliopewa jina la biashara huria baada ya wafanyabiashara wa huko kushinda vita dhidi ya ushuru wa nafaka. Safari hii hapakuulizwa uanachama. Mwenye shilingi yake aliingia.

Wiki za mwanzo viti vilikuwa vitupu na hasara ikapanda. Mwingine angefunga duka. Yeye aliendelea kupiga, na kuelekea mwisho ukumbi ukajaa, hasara ikafidiwa, zikabaki zile peni.

Misimu ikafuatana kwa miaka 37, na Alhamisi za majira ya baridi zikawa siku za Hallé. Mwaka 1888 alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1895, akiwa na miaka 76, alifika Afrika Kusini kupiga muziki na mkewe, mpiga fidla Wilma Neruda. Oktoba mwaka huohuo akafariki Manchester. Wafanyabiashara watatu, rafiki zake, wakadhamini misimu iliyofuata ili wapigaji wasitawanyike. Okestra ingalipo mjini humo, kwa jina lake.