Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Mwito wa Moyo

Katika darasa yetu liliulizwa suala ambalo halikuwa jepesi kujibiwa. Mtu akiona moyo wake unamtuma kumwendea nduguye kwa msaada, na nduguye huyo hakumwita wala hakumlalamikia, je, autii moyo wake au aupuuze? Wenzetu waligawanyika. Wako waliosema kuwa hiyo ni firasa, nayo ni neema ambayo Mwenyezi Mungu humtia mja wake. Wako waliosema kuwa mara nyingi huwa ni wasiwasi tu, au kupenda kujitia katika mambo ya watu. Sisi hatukuona njia ya kuwapatanisha kwa maneno, kwa hivyo tumeonelea kuwahadithia maisha ya mtu mmoja wa mji wetu huu wa Mvita, nao wataamua wenyewe.

Marehemu Sheikh Al-Amin alizaliwa hapa Mvita tarehe 27 Januari 1891. Nasaba yake haihitaji kuelezwa sana, kwani ni Wamazrui waliotawala mji huu mpaka mwaka 1837, Sayyid Said alipowaondoa katika Ngome. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alisoma Makka na akawa mwanachuoni mkubwa. Khitilafu za madhehebu zilimfanya Sayyid Barghash amtie kifungoni, asitoke mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Baada ya hapo hakuishi miaka mingi. Alikufa mwaka 1894, na mwanawe Al-Amin alikuwa bado hajatimiza miaka minne.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atue kidogo. Mtoto wa miaka mitatu hajui kuomba. Hajui hata kuwa amepotewa na kitu gani. Aliyemchukua na kumlea ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye alikuwa amesoma kwa marehemu baba yake. Huenda akasema msemaji kuwa hilo ni wajibu wa jamaa. Naam, ni wajibu. Walakini sote tunajua mayatima wangapi hulishwa na kuvikwa kwa wajibu, kisha wakaachwa waranderande vichochoroni bila ya kufunzwa. Sheikh Suleiman hakutosheka na kumpa mtoto chakula na mahali pa kulala. Alimkalisha mbele yake akamsomesha, kama kwamba alikwisha kuona ndani ya kichwa kile kidogo jambo ambalo wengine hawajaliona. Hiyo ndiyo firasa tunayoisema.

Alipokua alivuka kwenda Unguja kuzidisha elimu. Wakati ule Unguja ilikuwa na wanavyuoni wawili ambao watu wa pwani yote, tangu Lamu mpaka Ngazija, wakisafiri kwa ajili yao, nao ni Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Alisoma kwao, na wote wawili wakafariki mwaka mmoja, 1925. Zaidi ya hayo alikuwa akiyasoma maandishi yaliyotoka Misri, ya Sheikh Muhammad Abduh na mwanafunzi wake Rashid Ridha mwenye jarida la Al-Manar, na akili yake ikapanuka kutazama hali ya Waislamu wa dunia nzima.

Ama hali ya Mvita yenyewe ilikuwaje? Kilindini, ambayo zamani ilikuwa mji wa Wakilindini, mmoja katika miji ya Thelatha Taifa, ilikuwa imegeuka uso. Reli ilianza kujengwa kutoka kisiwani humu mwaka 1896 ikafika Ziwani mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 zikajengwa gati ambazo meli kubwa zaweza kufunga ubavuni mwake. Mali ikahamia upande wa magharibi wa kisiwa. Bandari ya kale upande wa Ngome ikabakiwa na majahazi yake ya kusi na kaskazi. Watumwa walikuwa wameachwa huru mwaka 1907, na mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kuandikisha ardhi. Wenye mashamba wakakosa mikono ya kulima, na wengi wakauza. Fedha ya shamba ikaingia harusini na matangani, kisha ikesha. Kijana wa Mji wa Kale akawa akiteremka Kilindini asubuhi kutafuta kibarua miongoni mwa makuli, na karani aliyeandika jina lake kule gatini alikuwa mtu aliyetoka mbali, kwa sababu yeye alisoma na huyu hakusoma.

Mambo haya kila mtu aliyaona. Yalisemwa barazani kila jioni, tena kwa masikitiko makubwa, kisha watu wakaamka kwenda kusali Isha. Sheikh Al-Amin naye angaliweza kuwa mmoja wao. Alikuwa mwanachuoni mwenye heshima na wanafunzi wake, na desturi ya wanavyuoni wa pwani ilikuwa kuandika kwa Kiarabu, wakisomana wao kwa wao. Hakuna aliyemwendea kumwambia aandike gazeti. Tunavyoona sisi, moyo wake ulikataa kutulia. Mwaka 1930 akatoa karatasi aliyoiita Sahifa, na maneno yake yalikuwa ya Kiswahili, ili mwenye duka na fundi seremala na mwanamke aliyeko nyumbani wayafahamu. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu.

Humo alisema yale ambayo watu hawakupenda kuyasikia. Aliwahimiza kusoma elimu za kisasa pamoja na dini, na kuwasomesha watoto wa kike. Alilaumu kufuja mali katika harusi na matanga, na kuuza ardhi bila ya kufikiri kesho, na kuiga wageni katika mavazi na mwendo huku yale yao ya maana, yaani elimu na bidii, yakiachwa. Tena alizipinga baadhi ya ada ambazo watu wakizihesabu kuwa ni dini, na jambo hili lilimletea upinzani, wa watu wa kawaida na wa wanavyuoni wenzake pia. Msaada wa namna hii haupokelewi kwa shukrani. Mwenye kukupa shilingi utamwombea dua. Mwenye kukwambia kuwa shilingi ulizonazo unazitupa baharini, utamwita adui. Na hili latuingiza katika lile suala la darasa, kwani wale waliosema kuwa ni kujitia katika mambo ya watu wangalipata ushahidi wao hapa, lau wangaliishi Mvita wakati ule.

Mwaka huohuo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mvita, akauacha uandishi wa gazeti, na Al-Islah haikudumu sana baada ya hapo. Hatufichi kuwa sisi tunasikitika tukilifikiri jambo hili. Kadhi huzisikiza kesi za ndoa na talaka na mirathi, mke na mume mmoja mmoja, warithi nyumba moja moja, hali gazeti laweza kuingia nyumba mia kwa siku moja. Walakini mwanamke aliyekuja mbele ya kadhi kutaka haki yake huenda asingekubaliana nasi, na yeye ajua zaidi. Mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, katika kiti alichokuwa amekikalia Sheikh Suleiman, yule yule aliyemlea.

Kalamu hakuitupa. Aliwatungia watoto vitabu vya kuwafunza dini kwa lugha yao, na makala yake ya zamani yakakusanywa yakatolewa kitabu mwaka 1944, kwa jina la Uwongozi. Akaendelea kusomesha mpaka alipofariki tarehe 1 Aprili 1947. Mwanawe Ali, ambaye baadaye alikuwa profesa mwenye sifa duniani, aliachwa na baba akiwa na miaka kumi na minne; kumi na mmoja zaidi ya ile aliyokuwa nayo baba yake alipofikwa na msiba kama huo.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963 hata 1968. Sheikh Al-Amin alikuwa ameanza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, na kifo kikamkuta kazi haijatimia. Karatasi hizo zingaliweza kuliwa na mchwa, kama zilivyoliwa karatasi nyingi za wanavyuoni wetu. Sheikh Muhammad Kasim alizishughulikia mwenyewe, hata sehemu ya kwanza, Al-Fatiha na Al-Baqara, ikapigwa chapa Nairobi mwaka 1980. Mwalimu wake alikuwa kaburini kwa miaka thelathini na mitatu, na yeye mwenyewe alibakiwa na miaka miwili tu ya kuishi.