Siti binti Saad: Sauti Iliyotoka Fumba



Katika kijitabu cha jubilei watu hutazamia kusoma maisha ya mtakatifu. Sisi tumemchagua mwanamke Mwislamu wa Zanzibar, mwimbaji wa taarab aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, na tunajua wapo watakaouliza kwa nini. Sababu tunaisema wazi. Tangu matayarisho ya sikukuu hii yaanze, baadhi ya wazee wetu wa kwaya, wa Lodwar na wa Kakuma vilevile, wamekuwa wakisema kwamba wakishaimba Misa ya jubilei watarudisha sare, wakae kwenye mabenchi pamoja na waumini wengine. Wanasema pumzi zimepungua, macho hayasomi tena maneno ya daftari, na vijana wamekuja na kinanda na nyimbo za mwendo wa haraka. Hatuwezi kumlazimisha mtu. Tunaomba tu kwamba kabla sare haijakunjwa, wasome habari za mama huyu.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa, maana siku zile utumwa ulikuwa bado upo. Ulifutwa kisheria huko mwaka 1897, naye alikuwa tayari msichana mkubwa. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, mama wa asili ya Kizigua. Walikuwa watu wa jembe na udongo. Shule hakwenda. Alichojifunza kwa mama yake ni kufinyanga vyungu, na alipokua akawa anavipeleka mjini kuviuza, akitangaza biashara yake kwa kuimba. Husimuliwa kwamba watu walimsikia mbali kabla ya kumwona. Sisi tuliokulia kusikia wachungaji wakiitana kutoka ng'ambo moja ya laga hadi nyingine, hilo halitushangazi hata kidogo: sauti inayofunzwa mahali pa wazi hujifunza kusafiri.

Aliolewa, akapata binti, ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 akahamia mjini. Hapo ndipo tunapotaka wazee wetu wasome polepole. Alikuwa na umri wa kama miaka 30, mama wa mtoto, ameachika, hajui kusoma wala kuandika, na chombo cha muziki hajawahi kujifunza. Kwa hesabu za wakati ule msichana wa kufundishwa hakuwa tena. Hata hivyo alikutana na mwanamuziki aitwaye Muhsin Ali, naye akakubali kumfundisha kuimba pamoja na vyombo. Siti akaketi chini kama mwanafunzi, akaanza.

Ni vizuri kujua aliingia kwenye nyumba ya namna gani. Taarab ilikuwa muziki wa jumba la Sultani, uliotoka Misri zamani za Seyyid Barghash. Ilipigwa na wanaume, ikaimbwa kwa Kiarabu. Chama cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume waungwana wa mjini. Mwanamke wa shamba, mfinyanzi, aliyezaliwa akiitwa Mtumwa, hakuwa na kiti humo. Yeye akaimba kwa Kiswahili, lugha ambayo mpishi, mchukuzi na mwenye nyumba wote waliielewa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye kwa sababu ya uimbaji wake.

Wenzake katika kundi walikuwa Subeti Ambari, Budda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruku. Huyu Mbaruku alikuwa mtu wa Mombasa na alikuwa kipofu. Tunamtaja kwa makusudi, kwa ajili ya wale wanaolalamika kuhusu daftari. Wenzake walikusanyika nyumbani kwa Siti mtaani Ng'ambo, wakifanya mazoezi usiku, majirani wakija kusikiliza. Kwa jinsi tunavyoujua muziki, nusu ya faida iko hapo: katika kuwa na mahali pa kwenda jioni, ambapo usipofika wenzako wataulizana uko wapi.

Wapinzani hawakukosekana. Walimwimbia nyimbo za kumkejeli, kwamba juzi tu alikuwa amejitwika vyungu, na kwamba sura yenyewe hana. Naye akawajibu kwa wimbo, akawaonyesha kwamba sura na ukoo si kitu mbele ya sauti na akili. Kijana wa miaka 18 angelia. Mwanamke aliyekwisha kuuza vyungu juani, akalea mtoto peke yake, alikuwa na ngozi ngumu kidogo.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV iliwaita yeye na wenzake Bombay, India. Wakavuka bahari, na Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Alikuwa karibu na miaka 50. Hadi mwaka 1931 santuri za Kiswahili za kampuni hiyo zilizouzwa zilikuwa zimepita 70,000, na zilisikika pwani yote hadi bara. Moja ya nyimbo zake zinazokumbukwa, Kijiti, inasimulia kisa cha kweli: mwanamke mgeni aliuawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Wimbo wa namna hiyo hauimbwi na mtu ambaye hajaona mambo. Sauti ya msichana ingeweza kuwa tamu zaidi, hilo hatulikatai, lakini nani angemwamini?

Turudi kwetu kidogo. Kuimba kunamfanya mtu avute pumzi ndefu na kuiachia taratibu, kunamnyoosha mgongo, kunamlazimisha kukumbuka beti moja baada ya nyingine na kuwasikiliza wenzake. Kwa mzee hayo yote ni mazoezi ya mwili na akili ambayo hayahitaji kununuliwa. Huko Marekani daktari Gene Cohen aliwafuatilia wazee wa eneo la Washington waliojiunga na kwaya yenye mwalimu, wengi wao wakiwa karibu na miaka 80, akawalinganisha na wenzao wasioimba. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waimbaji walikwenda kwa daktari mara chache zaidi, walitumia dawa chache zaidi, walianguka mara chache zaidi, na upweke wao ulikuwa mdogo.

Sisi tuna jambo jingine la kuogopa, nalo haliko katika utafiti wowote. Nyimbo zetu nyingi za zamani za Kiturkana hazikuandikwa. Ziko vichwani mwa mama zetu wa sauti ya kwanza na wazee watatu wanne wa besi. Kakuma ni hivyohivyo: tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992 wamekuja wazee wa Sudan na wa Kongo ambao hawakubeba kitabu cha nyimbo walipokimbia, ila walizibeba nyimbo zenyewe. Wazee hawa wakikaa benchi, vijana wataimba nini siku mwenye kinanda amesafiri au stima imepotea?

Siti hakuondoka na alichokuwa nacho. Katika waliomsikiliza na kumfuata alikuwemo msichana tuliyekuja kumjua wote kwa jina la Bi Kidude. Huyo aliimba na kupiga ngoma ya msondo hadi uzeeni kabisa, akapewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na alifariki mwaka 2013.

Siku za mwisho za Siti, mwandishi Shaaban Robert alimwendea, akakaa naye na kumsikiliza akisimulia maisha yake. Mwanamke aliyekosa kalamu utotoni akaandikiwa kitabu kizima na mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa zama zake, Wasifu wa Siti binti Saad. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi.

Baada ya jubilei mazoezi yataendelea Jumamosi alasiri kama kawaida, Lodwar na Kakuma. Viti vya wazee vitawekwa mstari wa mbele, na maneno ya nyimbo yatachapwa upya kwa herufi kubwa. Zile za Kiturkana zisizo na maandishi tutaanza nazo, na watakaofundisha ni hao hao waliotaka kurudisha sare.