Alfred Büchi: Msee wa Uswisi Aliyehustle Miaka 20 Ndio Turbo Yako Ipige Filimbi

Kama unaishi Katelembo, hapa tu Machakos, ile filimbi ya turbo unaijua. Asubuhi ni lori la mchanga likipanda mlima. Jioni ni Subaru ya msee fulani wa mtaa. Na wikendi, wacha tu, hiyo filimbi haizimi mpaka Jumatatu.

Sasa kama uko na ndai ya turbo, lazima kuna beshte amekushow kuhusu kontrola ya busti ya mkono. Ni kadude kadogo ka chuma, bei yake haiumi. Unakaweka kwa paipu ya raba, unazungusha skruu, na ndai inaanza kuchapa ka imepewa soda. Hiyo si uongo, nguvu inaongezeka kweli. Lakini kabla ushike bisibisi, wacha nikupe stori ya mzee aliyeanzisha haya maneno yote. Ukimjua, utajua mbona hiyo skruu ni rahisi kuzungusha na ghali kulipia.

Kijana wa Winterthur

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 huko Winterthur, mji wa viwanda nchini Uswisi. Mzae wake alikuwa mtu mkubwa kwa kampuni ya Sulzer, watu wa kutengeneza mashine na mainjini. Kwa hivyo huyu boy alikulia karibu na grisi na moshi. Akasomea uinjinia wa mashine Zurich, kwa chuo ambacho leo kinaitwa ETH, akamaliza 1903. Baada ya hapo akaenda kupiga wira Ubelgiji na Uingereza.

Kuna kitu kimoja ilimsumbua: hasara. Cheki hivi. Ukiweka petroli ya thao moja, karibu theluthi moja ya hiyo nguvu inatoka na moshi wa eksosi ikiwa moto. Nyingine kubwa inapotelea kwa rejeta. Yenye inasukuma magurudumu ni kidogo kuliko unavyodhani. Yaani ni ka kuajiri kondakta halafu kila jioni anabaki na doo zaidi ya mwenye mat.

Büchi akawaza: huu moshi si uko na kasi na joto? Weka feni kwa njia ya eksosi, moshi uizungushe. Shikanisha nguvu ya hiyo feni na mashine ya kusukuma hewa, hewa nyingi iingie kwa silinda. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi, na injini ya saizi ile ile inatoa nguvu zaidi. Mnamo 16 Novemba 1905 akapata hataza ya hiyo idea Ujerumani. Alikuwa na miaka 26 tu, umri wa wengi wenu mnaosoma hii.

Idea ni moja, chuma ni ingine

Hapo ndipo kazi ilianza, na hapo ndipo wengi wangetoroka. Kwa karatasi kila kitu kiliingiana. Kwa chuma, zii. Moshi wa eksosi ni moto mbaya, na vyuma vya enzi hizo havingevumilia joto hilo huku vikizunguka mbio. Mashine za kusukuma hewa zenyewe hazikuwa zimeiva, zilikula nguvu nyingi kuliko zilivyorudisha.

Büchi alirudi kwao akaajiriwa Sulzer, na kufika 1911 alikuwa akifanya majaribio na injini ya dizeli. Mwaka wa 1915 akaleta pendekezo la injini ya turbo ambayo ingejengwa kweli. Watu hawakushtuka. Waliona ni ndoto ya msee anayependa hesabu.

Wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewasha, na ndege zilikuwa na shida ambayo sisi watu wa milimani tunaielewa: ukipanda juu, hewa inakuwa nyembamba na injini inakosa pumzi. Ufaransa, injinia Auguste Rateau akaanza kuweka turbo kwa injini za ndege. Marekani, Sanford Moss wa General Electric akabeba injini ya ndege mpaka juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300, mwaka wa 1918, kuonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia pumzi. Yaani idea ya Büchi ilikuwa imeanza kutembea hata bila yeye.

Yeye alibaki na dizeli zake kubwa. Mwaka wa 1924 kampuni ya Brown Boveri ikatoa turbo yake ya kwanza ya kufanya kazi nzito. Mwaka uliofuata, 1925, mambo yakalipuka kwa njia poa. Büchi aliweka turbo kwa injini ya dizeli ya silinda 10, nguvu ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Hiyo ni zaidi ya asilimia 40. Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zikashuka majini 1926 zikiwa na hizo injini.

Hesabu: 1905 mpaka 1925. Miaka 20. Na sikiza, kusukuma hewa kwa nguvu si ndiyo ilimtesa peke yake. Shida ilikuwa injini iishi baada ya kusukumiwa. Ile siri yake ya 1925 haikuwa kuongeza presha kiholela. Aligawanya njia za moshi kwa mapaipu membamba ili kila silinda isukume feni bila kusumbua jirani, na akapanga valvu ili hewa baridi ipite ndani ya silinda ikifagia moshi na kupunguza joto. Pumzi zaidi, lakini na njia ya kupoa.

Hakuona ndai yako

Büchi aliaga dunia tarehe 27 Oktoba 1959, hapo hapo Winterthur, akiwa na miaka 80. Magari madogo ya petroli yenye turbo yalikuja kuuzwa kwa raia 1962, miaka mitatu baada ya yeye kuzikwa. Moja ilikuwa Oldsmobile Jetfire ya Marekani. Ilikuwa na tanki dogo la maji na methanoli la kupoza mchanganyiko ndani ya silinda. Wenye magari wakasahau kulijaza, nguvu ikapotea, na wengi wakaishia kung'olewa turbo. Joto tena. Adui ni yule yule wa Büchi.

Lakini idea haikufa. Huku kwetu, Toyota Celica Twin Cam Turbo ilishinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986, mfululizo. Toka hapo turbo ikawa stori ya kila kijana wa Kenya anayependa magari.

Sasa turudi kwa skruu yako

Turbo yako iko na mlango mdogo wa kupitisha moshi kando ili feni isizunguke kupita kiasi. Mlango huo unafunguliwa na kamkebe kenye fimbo. Presha ya turbo inapita kwa kapaipu ka raba, inasukuma kamkebe, mlango unafunguka. Kontrola ya busti inakaa katikati ya hako kapaipu. Ndani kuna springi na gololi. Gololi inazuia presha isifike kwa kamkebe mpaka ipite kiwango ulichoseti na skruu. Kwa kifupi, inadanganya kamkebe kwamba presha bado iko chini. Mlango unachelewa kufunguka, busti inapanda.

Ukiamua kuweka, fanya ka mtu anayetaka kuendesha hiyo gari mwaka ujao. Anza na geji ya busti, bila hiyo unabahatisha. Weka kontrola upande sawa: mlango wa kuingiza uangalie turbo, wa kutoa uangalie kamkebe. Paipu ziwe fupi na zifungwe na klipu, kwa sababu ile ya kamkebe ikichomoka, mlango haufunguki na busti inapanda bila breki. Anza skruu ikiwa imelegea kabisa. Ongeza robo raundi, jaribu, soma geji. Ukisikia injini ikigonga ka misumari kwa mkebe, ama gari ikikata nguvu ghafla, rudi nyuma saa hiyo. Na jaribu kwa mashine ya kupima nguvu gereji, si Mombasa Road katikati ya malori.

Kumbuka skruu inaongeza hewa tu. Petroli ni kazi ya pampu, injekta na kompyuta ya gari. Hewa ikizidi na petroli isipoongezeka, joto linapanda mpaka pistoni inayeyuka ama kupasuka. Hapo ndipo mafundi wanakwambia injini imenoki, na bei ya injini ingine unaijua.

Na hii wengi hawajui. Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yetu ni kama asilimia 83 ya presha ya Mombasa. Kamkebe kanalinganisha busti na hewa ya nje ya pale ulipo. Ukiseti busti ya baa 0.9 ukiwa Katelembo, injini inapata jumla ya baa 1.74 hivi. Shuka Coasto na mbogi wikendi, skruu haijaguswa, geji inasoma ile ile 0.9, lakini jumla sasa ni baa 1.91. Hiyo ni karibu asilimia 10 zaidi, na hewa ya huko ni ya moto. Seti iliyokuwa sawa nyumbani inaweza kuua injini ukifika Mtwapa. Legeza kabla ushuke.

Büchi alikuwa na hesabu, kampuni na maabara, na bado joto lilimchelewesha miaka 20. Wewe una skruu ya thao chache na Jumamosi moja. Nunua geji kwanza.