Penfield: Daktari aliyesaka kiini cha kifafa ndani ya ubongo

MTOTO ambaye dawa za kifafa zimeshindwa kumtuliza huenda akahitaji upasuaji wa ubongo. Lakini kabla ya kisu kutumika, sharti madaktari wajue kifafa chake huanzia wapi, na ni sehemu ipi isiyofaa kuguswa.

Dkt Wilder Penfield aliyatafuta majibu hayo maisha yake yote, kabla ya kuwepo mitambo ya kisasa ya kupiga picha za ubongo.

Alizaliwa Januari 26, 1891, mjini Spokane, Marekani. Kutoka Princeton alipata ufadhili wa Rhodes, akaenda Oxford, Uingereza, ambako alifunzwa na Charles Sherrington, bingwa wa mfumo wa neva. Mnamo 1916 aliponea chupuchupu meli ya Sussex aliyoabiri iliposhambuliwa na Wajerumani.

Alifuzu udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka wa 1918. Miaka kumi baadaye alikwenda Breslau, Ujerumani, kujifunza upasuaji wa kifafa kwa Otfrid Foerster, kisha akahamia Montreal, Kanada.

Kabla ya mwaka huo wa 1928 kwisha, alilazimika kumpasua dadake, Ruth, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa kwa miaka mingi. Alipata uvimbe mkubwa ubongoni na hakuweza kuuondoa wote. Ruth alifariki 1931.

Msiba huo ulimzidishia ari. Mnamo 1934 alifungua Taasisi ya Neva ya Montreal kwa msaada wa Wakfu wa Rockefeller. Humo aliwapasua wagonjwa wakiwa macho, kwani ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Aliugusa kwa umeme hafifu huku mgonjwa akieleza anachohisi, na hivyo akachora ramani ya sehemu zinazotawala viungo na usemi.

Picha za siku hizo zilikuwa za eksirei, zilizopigwa baada ya hewa kuingizwa katika mianya ya ubongo. Zilikuwa chungu kwa mgonjwa na zilificha mengi.

Upungufu huo ulikuwa na gharama. Katika miaka ya 1950, Penfield na mwanasaikolojia Brenda Milner walieleza kuhusu wagonjwa wawili waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya baada ya kuondolewa sehemu ya upande wa kushoto. Penfield alishuku kwamba upande wa kulia ulikuwa tayari umeharibika. Mmoja wao alipofariki, uchunguzi wa ubongo wake ulithibitisha shaka hiyo.

Kasoro kama hiyo leo huweza kuonekana mapema kwa mtambo wa MRI, ambao hauhitaji kufungua fuvu. Aina nyingine ya uchunguzi huo huonyesha sehemu zinazofanya kazi mtoto anapotaja maneno. Faida yake ni kubwa kwa watoto, kwa kuwa mdogo hawezi kulala macho, fuvu likiwa wazi, akijibu maswali ya daktari.

Hata hivyo, picha pekee haitoshi. Kwa baadhi ya watoto haionyeshi kovu lolote, na madaktari huilinganisha na rekodi za umeme wa ubongo, mbinu ambayo Penfield aliitumia akishirikiana na Herbert Jasper.

Penfield alistaafu 1960 na kufariki Aprili 5, 1976, akiwa na umri wa miaka 85. Mitambo ya MRI ilianza kuenea hospitalini katika mwongo uliofuata.