Selim Bey, Kamanda wa Dufile

Kuruta anapofika depo kwa mara ya kwanza, neno analofundishwa mapema kuliko mengine yote ni afande. Hulitamka kabla hajajua kushika bunduki, na atalitamka mpaka siku atakapokabidhi sare zake. Wachache miongoni mwetu tumepata kujiuliza lilikotoka. Asili yake ni neno la Kituruki, efendi. Lilitumika katika jeshi la Misri, likapanda Mto Nile pamoja na vikosi vya Khedive, likafika katika maboma ya Lado, Dufile na Wadelai, na mawili ya mwisho yamo katika nchi yetu hii ya West Nile. Waliolichukua kutoka hapo na kuliingiza katika jeshi la kwanza la Uganda ni askari wa Kisudani, ambao leo wajukuu na vitukuu wao wanaitwa Wanubi, na ambao tunaishi nao Arua na Koboko. Makala haya yanahusu maisha ya kamanda wao mmoja, Selim Bey.

Hapana budi kwanza tueleze mahali alipofanyia kazi. Katika mwaka 1871 serikali ya Misri ilianzisha jimbo la mbali kabisa kusini mwa Sudan, likaitwa Jimbo la Ikweta. Dufile ilijengwa mwaka 1874, wakati wa Gordon, ukingoni mwa Nile katika sehemu ambayo sasa ni Wilaya ya Moyo. Ilichaguliwa kwa sababu maporomoko ya maji yaliyo chini yake yalizuia meli kupita. Vipande vya meli vilibebwa mabegani kwa njia ya nchi kavu, vikaungwa upya hapo Dufile, na tangu hapo meli zikaweza kusafiri hadi Ziwa Albert. Mwaka 1878 gavana wa jimbo akawa Emin Pasha, daktari aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer. Selim alikuwa mmoja wa maofisa weusi waliokuwa chini yake.

Boma la namna ile lilikuwa depo, kambi na mji kwa pamoja. Lilizungukwa na ukuta wa udongo na handaki, na ndani yake ziliishi familia za askari, makarani, mafundi na watumishi. Wengi wa vijana walioingia jeshini hawakutoka Misri hata kidogo. Walikuwa Wamakaraka, Wabari, Wakakwa, Walugbara, Waalur, Wamadi na wengineo wa nchi hizi. Wengine waliingia kwa hiari, na wengine, lazima tuseme kweli, walichukuliwa kwa nguvu wakiwa watoto. Mafunzo yao yalianzia chini. Mtoto alimfuata askari mmoja kama mtumishi wake, akambebea bunduki na maji safarini, akajifunza kwa macho kabla hajafundishwa kwa mdomo. Alipopata kimo na nguvu, alipewa bunduki yake na kuingizwa katika safu.

Huko alikutana na kwata. Katika jeshi la Misri la zamani hizo amri za gwaride zilitolewa kwa Kituruki, lugha ambayo karibu hakuna aliyeielewa katika maboma ya huku. Kijana wa Kikakwa aligeuka kulia au kushoto kwa neno ambalo maana yake alijua kwa miguu tu. (Wale waliofundishwa kwata kwa Kiingereza cha sajini mkali watatuelewa.) Vyeo navyo vilikuwa na majina ya Kituruki na Kiarabu: ombashi ndiye koplo, shawish ndiye sajini, kisha mulazim, yuzbashi, na juu zaidi bimbashi. Majina hayo yaliendelea kutumika katika jeshi la Uganda kwa miaka mingi baada ya bendera ya Khedive kuteremshwa. Nje ya gwaride watu wa makabila mengi walihitaji kusemezana, na katika mahitaji hayo Kiarabu cha kambini kikazaa lugha ya Kinubi, inayosemwa hadi leo Arua, Koboko, Bombo, na hata Kibera jijini Nairobi.

Mwaka 1883 meli ya mwisho kutoka Khartoum ilifika Lado. Januari 1885 majeshi ya Mahdi yaliuteka mji wa Khartoum, na Gordon akauawa. Tangu hapo Jimbo la Ikweta lilikuwa kisiwa. Hakuna mshahara uliokuja, wala nguo, wala barua, wala risasi. Askari walipanda pamba, wakafuma nguo nzito na kujishonea sare. Chakula walilima, au, kwa aibu ya jeshi lile, waliwanyang'anya wenyeji; na wazee wa West Nile hawakuwa na sababu ya kuyapenda maboma yale. Lakini risasi haipandwi shambani, na kila iliyopigwa ilikuwa imetoka katika akiba isiyorudishwa.

Njaa ya habari ni mbaya kuliko njaa ya tumbo. Askari walipoambiwa mwaka 1888 kwamba Khedive amewaruhusu kuondoka pamoja na Stanley, mzungu aliyetokea upande wa kusini ambao hawaujui, wengi hawakuamini. Kwao njia ya Misri ilikuwa kaskazini, kwa mto. Agosti 1888 maofisa waasi, wakiongozwa na Fadl el Mula, walimkamata Emin hapo Dufile na kumweka kizuizini pamoja na Jephson, ofisa wa Stanley. Wakiwa katika hali hiyo ya kugombana wenyewe kwa wenyewe, wafuasi wa Mahdi walikuja kwa meli chini ya kamanda wao Omar Salih, wakaiteka Rejaf. Askari wa Ikweta walijaribu kuirudisha mwezi wa Novemba, wakashindwa vibaya, na maofisa wao kadhaa wakafia huko.

Hapo ndipo Selim alipojulikana. Mwisho wa Novemba 1888 adui waliizingira Dufile. Askari waliokuwamo walikuwa mamia machache tu, wametoka kushindwa, gavana wao wamemfukuza, na nusu ya maofisa hawaaminiani. Selim alishika uongozi. Kwa siku kadhaa Dufile ilishambuliwa. Safari moja adui walifaulu kupenya hadi ndani ya boma, na watu wakauawa karibu na meli zilizofungwa ukingoni. Askari wakajipanga upya, wakawatoa, na hatimaye jeshi la Omar Salih likarudi Rejaf likiwa limepoteza watu wengi. Sisi tuliofundishwa vita vya kujihami tunajua ugumu wa jambo hilo: kumrudisha adui aliyekwisha ingia ndani ya mstari, usiku, huku familia zenu zikilia nyuma yenu. Kwata ile ya Kituruki, ambayo huenda ilionekana mchezo usio na faida porini, ililipa siku hiyo.

Stanley alipomwona Selim mapema mwaka 1889 alikuta mtu mrefu, mnene sana, mwenye umri wa miaka kama hamsini. Alikuja Kavalli, kusini-magharibi ya Ziwa Albert, katika Kongo ya leo, kuomba muda wa kuwakusanya askari na familia zao. Stanley aliweka tarehe 10 Aprili. Selim alirudi Wadelai kuwaleta watu, lakini kuwahamisha maelfu ya wanawake, watoto na wazee kwa meli mbili zilizochakaa si kazi ya wiki chache. Tena Fadl el Mula na watu wake walikwisha kupora akiba ya risasi na kujitenga. Tarehe ilipofika, Stanley aliondoka na Emin, na watu wapatao 1,500. Selim alipofika Kavalli na watu wake, alikuta mahame.

Wengine wamemlaumu kwa uzembe. Unene wake na taratibu yake viliwasaidia wasemaji. Sisi tunaona kwamba ofisa aliyechelewa kwa kukataa kuziacha familia za askari wake hastahili jina hilo, ingawa tunakiri kwamba katika jeshi tarehe ni tarehe.

Miaka miwili na zaidi walikaa pale, bila serikali yoyote iliyowajua. Hapa ndipo mila za kambi zilipoonyesha nguvu zake. Walijenga, walilima, walifuma nguo zao. Makarani waliendelea kuandika madaftari ya askari kama kwamba mkaguzi wa Khedive angefika kesho. Parapanda ililia kwa saa zake, na bendera ya Misri, iliyokwisha kuchanika, ilipandishwa. Vyeo vilitolewa pia, tena kwa ukarimu mno, hata ikawa wenye vyeo ni wengi kupita kiasi. Kosa ambalo si geni katika majeshi yaliyokaa mno bila ukaguzi. Mwaka 1891 Emin alirudi, safari hii akiwa katika utumishi wa Wajerumani, akawataka wamfuate. Selim alikataa. Alikuwa askari wa Khedive, na Emin hakuwa na barua ya Khedive.

Septemba 1891 alikuja Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akitafuta askari wa kulinda Uganda. Miongoni mwa watu aliofuatana nao alikuwamo Shukri Aga, ofisa wa zamani wa Emin. Siku wale wa kambini walipomtambua mwenzao waliyedhani amekwisha kufa, askari wazee walilia na kubusiana mikono. Hata hivyo Selim hakujitupa mikononi mwa mgeni. Alishikilia kwamba hawezi kubadili bendera bila idhini ya Khedive mwenyewe, na Lugard ikambidi akubali: barua iandikwe Misri, na mpaka jibu lipatikane Selim na watu wake wafanye kazi chini yake. Oktoba msafara uliondoka, askari wapatao 600 na wafuasi wao, jumla zaidi ya watu 8,000. Khedive Tewfik, ambaye Selim aliitunza ahadi yake kwa miaka yote hiyo, alifariki Januari 1892, kabla ya miezi minne kupita.

Askari wale waliwekwa katika ngome za Toro, mpakani mwa Bunyoro. Tarehe 1 Aprili 1893 Kampuni ilipoondoka na serikali ya Kiingereza kushika mahali pake, ngome hizo zilianza kufungwa, na Selim akaletwa Entebbe, ambapo Waingereza walipaita Port Alice. Afya yake ilikuwa imeharibika, mwili umevimba. Mkubwa wa nchi kwa muda huo alikuwa Kapteni Macdonald.

Juni 1893 palitokea ugomvi baina ya Waislamu wa Buganda na serikali kuhusu ardhi na wajibu wao kwa Kabaka. Selim, Mwislamu, alimpelekea Macdonald habari kwamba vita juu ya Waislamu atavihesabu kuwa vita juu yake mwenyewe. Tumeitafakari habari hiyo mara nyingi. Ofisa hamwandikii mkuu wake maneno ya namna hiyo. Hilo tunalisema bila kusita, na mahakama yoyote ya kijeshi ingelisema vilevile. Lakini bunduki haikupigwa. Tarehe 18 Juni Wasudani wa Kampala waliitwa gwaride, mzinga wa Maxim ukiwa umewaelekea, wakaamriwa kuweka chini silaha. Wakaziweka. Watu waliokuwa wamepanga kuasi wangekuwa na nafasi nyingi kabla ya siku hiyo, na nguvu pia, maana wao ndio waliokuwa sehemu kubwa ya jeshi lenyewe.

Selim alikamatwa Entebbe, akahukumiwa, akavuliwa cheo, akapelekwa pwani kama mfungwa. Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, alihamishiwa Unguja, na mwaka 1895 alirudishwa. Selim hakuwa na marejeo. Mgonjwa, amebebwa njiani, alifika Naivasha, akafa huko mwaka huo huo wa 1893. Lugard, aliyekuwa amekwisha kurudi Uingereza, alimtetea hadharani kwa maandishi, akishikilia kwamba mtu aliyemjua asingekuwa msaliti. Utetezi huo ulichapishwa wakati mwenyewe hayupo tena kuusikia.

Fadl el Mula aliuawa na wafuasi wa Mahdi mwaka 1894, na mabaki ya watu wake yakaingizwa katika utumishi wa Uganda. Mwaka 1895 vikosi vyote vilikusanywa kuwa Uganda Rifles, Wasudani wakiwa ndio shina lake. Waliendeshwa kutoka vita hadi vita kwa mshahara mdogo uliochelewa, mbali na wake na watoto wao, mpaka Septemba 1897 walipoamriwa kwenda safari nyingine isiyojulikana mwisho wake. Safari hii waliasi kweli. Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Macdonald yule yule. Uasi ulifika Busoga, katika ngome ya Luba, na huko Meja Thruston, mwingereza aliyewapenda na kuijua lugha yao, akauawa nao. Mwaka 1902 jeshi liliundwa upya likawa kikosi cha nne cha King's African Rifles. Bombo, makao yake makuu, ukawa mji wa Wanubi.

West Nile yenyewe iliingizwa Uganda mwaka 1914, mwaka ambao Arua ilianzishwa kuwa makao ya wilaya. Vijana wa Arua na Koboko wakaanza tena kuingia jeshini, wakafundishwa na masajini ambao baadhi yao walikuwa wana wa watu wa Selim. Dufile imebaki kimya. Nyasi zimefunika mahali zilipofungwa meli, lakini ukuta wa udongo na handaki lake bado vinaonekana, na mtu anaweza kutembea juu yake kutoka pembe moja ya boma hadi ukingoni mwa mto.