Askofu Steere: Mmisionari aliyejifunza lugha kabla ya kuhubiri

MSAFIRI anayeshuka bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, na kufuata barabara ya Chake Chake, hupita Mtambile. Ni nchi ya mikarafuu na ya Waislamu, na jina la Askofu Edward Steere halitajwi sana huko. Hata hivyo, historia ya mikarafuu hiyo ndiyo iliyompatia askofu huyo wa Kianglikana baadhi ya waumini wake.

Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mashamba ya Pemba yakawa na thamani kubwa kuliko awali, na haja ya watumwa wa kuyahudumia ikaongezeka. Majahazi yakawa yanawavusha kutoka bara usiku, huku manowari za Uingereza zikiyavizia. Waliookolewa, hasa watoto, wengi walikabidhiwa kwa misheni ya UMCA mjini Unguja.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Desemba 1881, nahodha wa manowari London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kupekua jahazi moja.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria hadi shahada ya udaktari, kisha akaiacha kazi hiyo na kuwa kasisi. Mwaka 1863 aliondoka parokia yake ndogo ya Little Steeping kumsindikiza rafiki yake, Askofu William Tozer, aliyetumwa Afrika ya Kati. Alikusudia kukaa muda mfupi tu. Misheni iliposhindwa kukita mizizi kando ya mto Shire, ilihamia Unguja Agosti 1864. Huko Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotekwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi na Steere mwaka 1879.

Ni vigumu kusema kwamba mtoto aliyetolewa jahazini na kukabidhiwa kwa Wazungu aliichagua dini yake kwa hiari. Yumkini Steere mwenyewe aliliona hilo, kwani hakuridhika kuhubiria watu wasiokuwa na pa kwenda. Alitaka kuzungumza na wenyeji wa mji, na kwa hilo alihitaji Kiswahili chao.

Alianza kwa kusikiliza. Aliwaomba watu wa Unguja wamsimulie hadithi, akaziandika jinsi zilivyotamkwa na kuzichapisha mwaka 1870 pamoja na kitabu chake cha sarufi. Vijana wa misheni walifundishwa kupiga chapa.

Miongoni mwa waliomsaidia ni Sheikh Abdulaziz, mwanachuoni mkubwa wa mji, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kazi haikwenda mbali: sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno kwa watu wa kawaida. Lakini tendo lenyewe si dogo. Sheikh hakuiacha dini yake, wala Steere hakuificha yake.

Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Kasisi Arthur West alinunua sehemu ya soko la Mkunazini, na mfanyabiashara wa Kihindi akatoa kiwanja cha jirani. Katika kibanda cha udongo kilichokuwa hapo, Steere alianza kuhubiri kwa Kiswahili, na Waarabu na Waswahili wakaja kumsikiliza. Walioongoka walikuwa wachache mno. Kwa hesabu ya makao makuu ya misheni yoyote, hayo yangeitwa kushindwa.

Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya 1873. Mwaka uliofuata Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu mjini London, akarudi kusimamia ujenzi mwenyewe, hata paa la zege lililochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wapo waliotabiri kwamba lingeanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi, na paa hilo halikuanguka. Saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash, Mwislamu.

Mwaka 1876 Steere aliongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kurudi bara, na kijiji chao kikaanzishwa Masasi. Hakutaka wawe Waingereza weusi. Alipinga kuwalea vijana katika mavazi na starehe za Kizungu, akiamini kuwa Mkristo wa Kiafrika angebaki Mwafrika kwa chakula, nyumba na lugha. Baadhi ya wamisionari waliomfuata hawakuukumbuka msimamo huo.

Steere alifariki Unguja Agosti 1882 akiwa na umri wa miaka 54, na kuzikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Biblia kamili kwa Kiswahili cha Unguja, kazi aliyoianza, ilikamilishwa na wenzake baada ya kifo chake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja hiyo ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ambacho leo husomwa shuleni Mtambile na Masasi vilevile.