Seyyid Barghash na Tufani ya Mwaka 1872

Sisi tukaao Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, tuko mbali na bahari. Mtoto wa hapa aweza kumaliza masomo yake yote asiione merikebu hata moja. Walakini yako mambo yaliyotokea baharini zamani ambayo yaligusa nchi yetu hii. Tukitaka kuyafahamu, imetupasa kusoma habari za mtu mmoja, Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja.

Barghash alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Unguja pamoja, na nguvu zake zilikuwa merikebu. Maana nchi zake zilitengwa na bahari kubwa, na asiye na vyombo asingaliweza kuzishika. Mwezi wa Oktoba mwaka 1856 Seyyid Said alikuwa akirudi Unguja kutoka Oman, akashikwa na maradhi njiani, akafa baharini. Barghash alikuwa pamoja naye merikebuni.

Kijana huyu alikitamani sana kiti cha baba yake, lakini kiti kilimwendea ndugu yake Majid. Mwaka 1859 Barghash akakusanya watu wake ili amwondoe Majid kwa nguvu. Majid akasaidiwa na askari wa manowari za Waingereza, na Barghash akashindwa. Akatiwa chomboni, akapelekwa Bombay katika nchi ya India, akakaa huko muda wa miaka miwili kama mfungwa asiye na minyororo. Hapo alipata somo lake la kwanza, ya kuwa mwenye manowari kubwa ndiye aamuaye neno. Baadaye akasamehewa, akarudi kwao akakaa kimya. Majid alipofariki mwezi wa Oktoba mwaka 1870, Barghash akawa Sultani.

Alipokwisha kushika utawala, alizikuta merikebu za vita na za biashara alizoachiwa, zimetia nanga mbele ya mji. Watu walipozitazama waliona ukuu wa Sultani wao. Hakuna aliyedhani ya kuwa zingeweza kupotea kwa siku moja, tena pasipo kupigwa mzinga hata mmoja.

Mwaka 1872, katikati ya Aprili, bandari ya Unguja ilijaa vyombo. Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na India yalikuwa yakingoja kusi yapate kurudi kwao. Tarehe 15 ikaja tufani. Wazee wa Unguja walikuwa wamezoea mvua za masika na upepo wake, lakini jambo hili hawakulizoea. Kwa sababu tufani za namna hii huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, na nyingi huelekea Madagaska na Mauritius. Ni mara chache sana zikaribiapo pwani yetu. Mwaka 1952 nyingine ilipiga Lindi, na hata leo watu wa huko wanayo habari yake.

Yafaa mjue jinsi tufani hii ifanyavyo kazi. Upepo wake huzunguka kama gurudumu, na katikati yake pana mahali patulivu. Mahali hapo pakipita juu ya mji, upepo hukoma ghafula na watu hudhani ya kuwa hatari imekwisha. Kisha upepo hurudi, lakini sasa hutoka upande wa pili. Chombo kilichotiwa nanga ili kijikinge na upepo wa kwanza hupigwa ubavuni na upepo wa pili; kamba hukatika, nanga hung'oka, na chombo husukumwa pwani au kugongana na vyombo vingine. Kwa hiyo bandari iliyojaa vyombo huwa mahali pa mauti siku kama hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa Unguja. Merikebu za Sultani zilivunjika, nyingine zikazama, nyingine zikatupwa pwani. Majahazi mengi yalipotea, na watu wengi walikufa. Nyumba zilianguka mjini. Mashambani mikarafuu, ambayo mmoja hungojewa miaka mingi kabla haujazaa vizuri, ilin'golewa kwa maelfu, hata sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa cha Unguja ikawa imekwisha. Kisiwa cha Pemba hakikupigwa sana. Basi tangu hapo Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Ng'ambo, huko Bagamoyo, majengo ya misioni yaliangushwa vile vile.

Na huku kwetu? Mwezi ule ule wa Aprili mvua zilikuwa kubwa mno, na mto wa Ngerengere ukafurika. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, alipita katika mji wa Simbamwene, mahali ulipo sasa mji wa Morogoro. Akakuta ukuta wa mbele wa mji umechukuliwa na maji, na nyumba zipatazo 50 zimeharibika. Basi mwezi ule watu wa pwani na watu wa bara walilia pamoja.

Hasara ya Barghash ilikuwa kubwa, na wakati wake ulikuwa mbaya. Mwanzo wa mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka akomeshe biashara ya kupeleka watumwa kwa njia ya bahari. Barghash akakataa. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa ile tufani: alieleza ya kuwa mashamba yameharibika, watu wake wamekuwa maskini, na kuwaondolea sasa biashara hii ni kuwamaliza kabisa.

Hapa imetupasa kufikiri kwa haki. Hasara aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Lakini upande wa pili wa mizani walikuwako watu. Misafara iliyokwenda Bagamoyo ilipita katika nchi yetu, na katika misafara hiyo walikuwamo wanaume, wanawake na watoto waliofungwa shingoni, waliotekwa barani. Mikarafuu iliyoanguka yaweza kupandwa tena. Mama aliyeuzwa ng'ambo ya bahari harudishwi kwa wanawe kwa mavuno ya karafuu. Tena baada ya tufani mashamba mapya yalitaka mikono mingi ya kupanda, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Msiba wa tajiri ulikuwa karibu kumwangukia maskini.

Frere aliondoka bila mapatano. Ndipo Balozi John Kirk alipoletewa amri kutoka Uingereza: Sultani akikataa tena, manowari zitaizuia bandari yake, kisiingie chombo wala kisitoke. Barghash hakuwa na merikebu za kujibu neno hilo. Na hata kama zile za kwanza zingalikuwapo, zisingaliweza kuzishinda manowari za Waingereza. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pale pakajengwa kanisa kuu la Waanglikana, nalo lipo hata leo. Mwaka 1876 akakataza pia misafara ya watumwa barani. Utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Katika Unguja sheria haikuuondoa ila mwaka 1897. Lakini mlango mmoja mkubwa ulikuwa umefungwa.

Mtu mwingine aliyepatwa na mambo haya angalikaa akinung'unika. Barghash hakufanya hivyo. Mwaka 1875 alisafiri mpaka London akajionea kazi za mji ule mkubwa. Akanunua merikebu za moshi za kuchukua abiria na mizigo mpaka Bombay. Akaagiza pia merikebu ya vita kutoka Uskoti, jina lake Glasgow, nayo ikafika mwaka 1878. Mwaka 1883 akajenga jumba refu kando ya bahari, liitwalo Nyumba ya Ajabu. Tena akafanya kazi moja isiyokuwa na fahari machoni: akaleta maji safi kwa mfereji kutoka chemchemi ya nje ya mji, watu wateke bila kulipa. Kabla ya hapo watu wa mji walikunywa maji ya visima vilivyochafuka, na maradhi ya kipindupindu yaliwaua maelfu.

Mashaka yake hayakuwa yamekwisha. Mwisho wa mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami, nchi hii yetu, akiandikisha mikataba na wakubwa wa vijiji. Mwaka uliofuata Kaizari wa Ujerumani akatangaza ya kuwa nchi hizo zi chini ya ulinzi wake. Barghash akapeleka neno la kukataa. Jibu lake lilikuja mwezi wa Agosti mwaka 1885: manowari tano za Wajerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Barghash hakuwa na jinsi, akakubali. Hivyo mambo ya nchi ya Ukami yaliamuliwa katika bandari ya Unguja, na wenyeji wa Ukami hawakuulizwa.

Seyyid Barghash alifariki mwezi wa Machi mwaka 1888. Merikebu yake Glasgow iliishi miaka michache zaidi. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipigana na Unguja vita ambavyo havikutimiza saa moja, na Glasgow ikapigwa mizinga ikazama katika bandari ile ile iliyomeza merikebu za mwaka 1872. Hata Nyumba ya Ajabu, sehemu yake moja ilianguka mwaka 2020.

Tukiyaangalia maisha yake twaona ya kuwa merikebu alizoachiwa zilivunjwa na upepo, na ile aliyoinunua ilizamishwa na mizinga. Lakini wakati merikebu hizo zilipokuwa chini ya maji, wanawake wa mji wa Unguja walikuwa bado wakijaza mitungi yao katika maji aliyowaletea. Sisi wa Uluguru, ambao mito yetu hushuka milimani kila siku na kunywesha watu wa mabondeni, twajua vema kazi hiyo ni kubwa namna gani. Basi mtu akumbuke, akipewa uwezo, kuutumia katika jambo ambalo tufani haiwezi kulichukua.